Mlango, Komeo na Mpigo: Jinsi Neva Inavyozalisha Umeme na Jinsi Kiswahili Kinavyoweza Kuueleza

1.0 Utangulizi

Katika matumizi ya kila siku ya Kiswahili, neno mshipa hubeshwa mzigo mkubwa. Damu hupita katika mshipa. Mtu mwenye ngiri husemwa kuwa ana mshipa. Na mtu aliyepooza mkono huelezwa kwamba mshipa wake wa fahamu umekufa. Kwa mzungumzaji wa kawaida utata huu hauna madhara, kwa kuwa muktadha humwonyesha ni mshipa upi unaokusudiwa. Hata hivyo, pindi panapohitajika maelezo ya kisayansi, utata huohuo hugeuka kikwazo. Msikilizaji anayeambiwa kuwa taarifa hupita katika mshipa wa fahamu huwa na haki ya kudhani kwamba ndani ya mshipa huo mna kitu kinachotiririka, kama damu inavyotiririka katika mishipa yake.

Mhadhara huu unakusudia kueleza jinsi seli ya neva inavyozalisha ishara ya umeme, kama ilivyobainishwa na utafiti wa vyuo vikuu katika kipindi cha zaidi ya karne mbili. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili tayari kina maneno ya kawaida, ya nyumbani kabisa, yanayotofautisha kwa usahihi hali ambazo sayansi ya neva inalazimika kuzitofautisha. Kadhalika inadaiwa kwamba kuchelewa kuyatumia maneno hayo kuna gharama, na kwamba wanaoilipa gharama hiyo ni wagonjwa, hususan wenye kifafa na wazazi wa watoto wenye degedege.

2.0 Mshipa, Waya na Umeme

Kabla ya kuulaumu msamiati wa Kiswahili, yafaa ikumbukwe kwamba lugha nyingine zilianzia mahali hapohapo. Neno la Kiyunani neuron, ambalo limezaa istilahi zinazotumika leo duniani kote, lilimaanisha kano au ugwe kabla ya kumaanisha neva. Neno la Kilatini nervus lilikuwa na historia hiyohiyo. Katika Kiarabu nako, neno linalotaja neva lina uhusiano wa karibu na maana ya kano. Sababu yake si ngumu kuitambua. Mtu anayepasua mwili kwa kisu, bila darubini, huona nyuzi nyeupe, na kwa macho matupu kano na neva hufanana. Jina hutolewa kwa umbo kabla kazi haijajulikana.

Kwa karne nyingi wanazuoni wa Ulaya, wakifuata mafundisho ya tabibu Galen wa karne ya 2, waliamini kuwa neva ni mirija yenye uwazi ndani, na kwamba humo hupita roho au hewa laini itokayo ubongoni. Kwa hiyo dhana ya mshipa wenye kitu kinachotiririka ilikuwa ya wasomi kwa muda mrefu kabla ya kubaki kuwa ya watu wa kawaida.

Dhana ya pili, ambayo imeenea zaidi shuleni, ni ile ya waya. Mwanafunzi huambiwa kwamba neva hupeleka umeme kama waya wa nyumbani. Mlinganisho huu una faida yake, lakini unapotosha katika mambo matatu. Kwanza, katika waya wa shaba zinazosogea ni elektroni, na husogea kufuata urefu wa waya. Katika neva zinazosogea ni ayoni, yaani chembe za chumvi zenye chaji, na mwendo wake mkuu ni wa kukatiza utando wa seli, kutoka nje kuingia ndani na kutoka ndani kwenda nje. Pili, ishara katika waya husafiri kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, ilhali neva zenye kasi kuliko zote katika mwili wa binadamu hufikia takriban mita 120 kwa sekunde. Tatu, waya hautoi umeme. Huupokea kutoka mahali pengine. Neva hujizalishia umeme wake wenyewe katika kila hatua ya njia. Jambo hili la tatu ndilo kiini cha maelezo yanayofuata.

3.0 Kutoka Paja la Chura hadi Neva ya Ngisi

Mwaka 1791, Luigi Galvani wa Chuo Kikuu cha Bologna nchini Italia alichapisha matokeo ya majaribio yaliyomchukua miaka kadhaa. Alionyesha kwamba mguu wa chura aliyekufa hukakamaa neva yake inapoguswa na umeme, na pia unapounganishwa kwa metali. Galvani alihitimisha kwamba mwilini mwa mnyama mna umeme wa asili. Mwenzake Alessandro Volta wa Pavia alimpinga, akadai kuwa umeme ule ulitokana na metali mbili tofauti zilizotumika. Katika kuitetea hoja yake, Volta alibuni betri ya kwanza, ambayo aliitangaza mwaka 1800. Historia imewapa haki wote wawili: metali mbili huzalisha umeme kweli, na mnyama naye huzalisha wake.

Nusu karne baadaye, mwaka 1850, Hermann von Helmholtz aliyekuwa Königsberg alipima kasi ya ishara katika neva ya chura na kupata takriban mita 30 kwa sekunde. Kipimo hiki kiliwashangaza wengi, kwani ilidhaniwa kuwa kasi hiyo ni kubwa mno kiasi cha kutopimika. Wepesi wa kupimika huko ulikuwa dalili ya wazi kwamba kinachotokea katika neva hakifanani na kinachotokea katika waya.

Mwaka 1902, Julius Bernstein wa Ujerumani alipendekeza kwamba siri imo katika utando wa seli. Kwa maoni yake, seli iliyotulia huruhusu ayoni za potasiamu pekee kuvuja nje, na uvujaji huo huifanya sehemu ya ndani iwe na chaji hasi. Wakati wa ishara, alisema, utando hupoteza uteuzi wake kwa muda mfupi na tofauti ya umeme kati ya ndani na nje hushuka hadi sifuri. Nusu ya kwanza ya nadharia hii imesimama hadi leo kwa marekebisho madogo. Nusu ya pili ilikuwa na kasoro, lakini kuigundua kasoro hiyo kulihitaji neva kubwa ya kuweza kuingizwa kifaa cha kupimia.

Neva hiyo ilipatikana kwa ngisi, kiumbe ambaye wavuvi wa mwambao wa Afrika Mashariki wanamfahamu vizuri. Ngisi anaposhtuka hujikamua kwa nguvu na kutoa maji kwa kishindo, na mrusho huo wa maji humsukuma mbali na adui. Ili msuli wake wote ujikamue kwa pamoja, ameumbiwa nyuzi za neva nene kuliko kawaida, ambazo kipenyo chake huweza kukaribia milimita 1. Mwaka 1936 mwanazuolojia wa Uingereza J. Z. Young aliwatanabahisha wanasayansi kuhusu thamani ya nyuzi hizo kwa utafiti.

Katika kiangazi cha mwaka 1939, Alan Hodgkin na mwanafunzi wake Andrew Huxley, wote wa Chuo Kikuu cha Cambridge, walikwenda kwenye maabara ya viumbe vya bahari ya Plymouth. Huko walifaulu kupenyeza elektrodi nyembamba ndani ya uzi wa neva ya ngisi na kupima moja kwa moja tofauti ya umeme kati ya ndani na nje. Waligundua kwamba wakati wa ishara tofauti ile haikuishia kwenye sifuri kama Bernstein alivyotabiri. Ilivuka sifuri, na kwa muda mfupi sehemu ya ndani ikawa na chaji chanya. Wiki chache baadaye Vita Kuu ya Pili ilizuka, na utafiti ukasimama kwa miaka kadhaa.

Baada ya vita, Hodgkin akishirikiana na Bernard Katz alionyesha mwaka 1949 kwamba kimo cha ishara hupungua chumvi ya sodiamu inapopunguzwa katika maji yanayoizunguka neva. Sodiamu ndiyo iliyokuwa ikiingia. Kisha, kwa kutumia mbinu ya kuushikilia umeme wa utando katika kiwango kimoja, mbinu ambayo Kenneth Cole wa Marekani alikuwa mwanzilishi wake, Hodgkin na Huxley walipima sodiamu na potasiamu kila moja peke yake. Matokeo yalitolewa katika makala matano mwaka 1952. Huxley alizipiga hesabu zote kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono, na milinganyo yao ikatabiri kwamba ishara katika neva ya ngisi ingesafiri kwa mita 18.8 kwa sekunde. Kasi iliyopimwa katika neva yenyewe ilikuwa mita 21.2. Kwa nadharia iliyojengwa kwenye vipimo vya utando uliosimamishwa, bila kuitazama ishara inayosafiri, ukaribu huo ulikuwa ushahidi mzito. Mwaka 1963 walitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na John Eccles.

4.0 Pampu na Milango

Seli ya neva imezungukwa na utando wa mafuta ambao unene wake ni takriban milioni 7 za milimita. Ayoni haziwezi kupita katika mafuta hayo zenyewe. Nje ya utando mna majimaji yenye sodiamu nyingi na potasiamu kidogo, mithili ya maji ya bahari yaliyozimuliwa. Ndani mambo ni kinyume: potasiamu ni nyingi na sodiamu ni haba.

Tofauti hii haijitokezei bure. Hudumishwa na protini iliyopachikwa katika utando, ambayo hufanya kazi ya pampu. Kwa kila mzunguko mmoja pampu hii hutoa nje ayoni 3 za sodiamu na kuingiza ndani ayoni 2 za potasiamu, nayo hugharimia kazi hiyo kwa nishati inayotokana na chakula. Iligunduliwa mwaka 1957 na Jens Christian Skou wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, katika neva za miguu ya kaa, na ugunduzi huo ukamletea Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997. Ubongo wa binadamu ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika, na sehemu kubwa ya nishati hiyo humezwa na pampu hizi. Kunyamaza kwa neva, kwa hiyo, ni kazi inayolipiwa, mfano wa mtu aliyeuvuta upinde akaushikilia.

Katika hali hiyo ya utulivu, sehemu ya ndani ya seli huwa hasi kwa takriban milivolti 70 ikilinganishwa na nje. Kiasi hicho huonekana kidogo kikilinganishwa na betri ya tochi yenye volti 1.5. Lakini kwa kuwa utando ni mwembamba mno, nguvu inayoukabili ni sawa na volti milioni 10 kwa kila mita ya unene. Nguvu hiyo ndiyo inayoendesha milango.

Milango inayozungumziwa hapa ni protini nyingine zilizopenya utando kutoka upande mmoja hadi wa pili. Baadhi ya waandishi huziita mifereji. Neno mfereji lina ubaya wa kumfanya msomaji afikirie njia iliyo wazi wakati wote, ilhali sifa kuu ya protini hizi ni kufunguka na kufungika. Mlango mmojammoja ulianza kusikika ukifanya kazi mwaka 1976, pale Erwin Neher na Bert Sakmann wa Göttingen, Ujerumani, walipofaulu kupima mkondo unaopita katika molekuli moja ya protini kwenye msuli wa chura. Waliona mkondo ukiruka kutoka sifuri hadi kiwango fulani na kurudi sifuri ghafla, kama mlango unaofunguliwa na kufungwa, bila hali ya katikati. Mwaka 1998 Roderick MacKinnon wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, alionyesha umbo halisi la mlango wa potasiamu, hata ikaonekana ni kwa namna gani mlango huo hupitisha potasiamu na kuizuia sodiamu, ingawa ayoni ya sodiamu ndiyo ndogo zaidi.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotoa mchango wake. Mlango wa sodiamu una hali tatu. Katika utulivu haupitishi kitu, lakini uko tayari kufunguka ukiguswa. Ukishafunguka hupitisha ayoni kwa kitambo kidogo tu. Baada ya hapo hujizuia kwa namna nyingine, na katika hali hii ya tatu haufunguki hata ukisukumwa. Lugha zinazotumia neno moja la kufunga kwa hali ya kwanza na ya tatu hulazimika kuunda istilahi ya ziada. Mswahili anayo maneno hayo kwake nyumbani. Mlango uliorudishwa bila kufungwa husemwa umeshindikwa. Mgeni akiusukuma, unafunguka. Mlango uliotiwa komeo kwa ndani husemwa umekomewa. Mgeni atasukuma hadi achoke. Kwa hiyo mlango wa sodiamu huwa umeshindikwa, kisha huwa wazi, kisha huwa umekomewa, na mwishowe hurejea kwenye kushindikwa. Mtu aliyeelewa tofauti ya vitenzi viwili hivi ameshaelewa nusu ya fiziolojia ya neva.

5.0 Mpigo

Mwanzo wa ishara ni mguso unaoipunguzia seli uhasi wake kidogo. Ukipungua kutoka milivolti 70 hadi takriban 55, milango kadhaa ya sodiamu iliyoshindikwa hufunguka. Sodiamu huingia, na kwa kuwa ni chaji chanya, huzidi kuupunguza uhasi. Upungufu huo hufungua milango mingine, nayo huingiza sodiamu zaidi. Katika sehemu ndogo ya elfu moja ya sekunde, ndani ya seli huwa chanya kwa takriban milivolti 40. Papo hapo mambo mawili hutokea: milango ya sodiamu hukomewa, na milango ya potasiamu, ambayo ni mizito kufunguka, huwa imeshafunguka. Potasiamu hutoka nje na kuurejesha uhasi. Tukio zima huchukua takriban elfu moja au mbili za sekunde.

Tukio hili husafirije? Mfano wa moto katika safu ya nyumba za makuti unafaa. Nyumba ya kwanza ikishika moto, joto lake huwasha paa la jirani. Paa hilo huwaka kwa makuti yake lenyewe, si kwa makuti ya nyumba ya kwanza. Ndiyo maana moto wa nyumba ya mwisho huwa mkali sawasawa na ule wa kwanza. Vivyo hivyo, kila kipande cha utando huwashwa na jirani yake, lakini hutumia sodiamu iliyo nje yake chenyewe. Ishara hufika kwenye kidole cha mguu bila kufifia. Isitoshe, moto haurudi nyuma, kwa sababu nyumba zilizokwisha kuungua hazina cha kuungua tena. Na ishara nayo hairudi nyuma, kwa sababu milango iliyo nyuma yake imekomewa. Mfano unaishia hapo, kwani makuti hayajiezeki upya, ilhali neva huwa tayari tena baada ya elfu chache za sekunde.

Katika neva nyingi za binadamu, uzi wa neva umeviringishwa ala ya mafuta inayoachwa wazi katika vituo maalumu. Ishara hurushwa kutoka kituo hadi kituo, na hivyo kasi huongezeka. Bakteria wa ukoma hushambulia seli zinazotengeneza ala hiyo, na ganzi inayotokea ndiyo chanzo cha majeraha ambayo mgonjwa huyapata bila kuhisi.

Swali la istilahi hujitokeza tena hapa. Tukio lililoelezwa huitwa na baadhi ya watu msukumo wa neva. Msukumo huweza kuwa mkubwa au mdogo, ilhali tukio hili halina ukubwa wa kuchagua: ama linatokea kikamilifu, ama halitokei. Neno mpigo linafaa zaidi. Mapigo huhesabiwa, kama mapigo ya moyo na ya ngoma. Mwaka 1926 Edgar Adrian wa Cambridge alithibitisha kwamba neva inayopokea mguso mzito haitoi mipigo mikubwa zaidi. Hutoa mipigo ya ukubwa uleule kwa wingi zaidi katika kila sekunde. Anayejua ngoma hatashangaa kwamba ujumbe unaweza kubebwa na wingi na mpangilio wa mipigo.

6.0 Ushahidi wa Bunju na Sindano ya Ganzi

Nadharia ya milango ilipata ushahidi wake wa wazi kutoka kwa sumu ambayo watu wa pwani wameihofu tangu zamani. Bunju ni samaki anayejivimbisha anapotishwa, na wavuvi huwaonya watoto wasimle. Mtu aliyekula ini au mayai yake huanza kuhisi ganzi midomoni, kisha viungo hulegea, na hatimaye misuli ya kupumulia husimama huku akili yake ikiweza kubaki timamu. Mwaka 1964, Toshio Narahashi na wenzake katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliijaribu sumu hiyo kwenye neva ya kambakoche. Ikabainika kwamba huziba milango ya sodiamu peke yake na kuiacha ya potasiamu ikifanya kazi kama kawaida. Kwa hiyo aina mbili za milango, ambazo Hodgkin na Huxley walizitenganisha kwa hesabu, zilitenganishwa pia kwa sumu.

Dawa ya lidokaini, ambayo mganga wa meno humchoma mgonjwa kabla ya kung'oa jino, hufanya kazi inayokaribiana na hiyo kwa kipimo salama na mahali padogo. Jino huendelea kuumizwa, lakini mipigo haisafiri, na ubongo haupati habari. Mgonjwa aliyewahi kuchomwa sindano ya ganzi amekwisha kuishuhudia milango ya sodiamu ikizuiwa, ingawa hakuna aliyemwambia hivyo.

7.0 Pale Maelezo Yanapokosekana

Kwa kawaida seli za ubongo hutoa mipigo yake kila moja kwa zamu na kwa kazi yake, kama watu katika soko ambao kila mmoja huzungumza na mteja wake. Katika kifafa, idadi kubwa ya seli hupiga kwa pamoja na kwa kurudiarudia. Iwapo hali hiyo itaenea ubongo mzima, mtu hupoteza fahamu, huanguka, hukakamaa na kutikisika. Vyanzo vyake ni vingi: jeraha la kichwa, matatizo wakati wa kuzaliwa, malaria ya ubongo, mayai ya tegu wa nguruwe yaliyoingia mwilini na viluwiluwi vyake kufika ubongoni, na urithi. Dawa za fenitoini na karibamazepini huishikilia milango ya sodiamu katika hali ya kukomewa kwa muda mrefu zaidi, na kwa njia hiyo huizuia seli isipige mfululizo. Mlango unaofanya kazi kwa kiasi hauathiriki sana, kwa kuwa muda mwingi huwa umeshindikwa tu. Fenobabito, ambayo ni ya bei nafuu na hutumika sana barani Afrika, hufuata njia nyingine: huongeza nguvu ya ishara zinazozituliza seli.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wana kifafa, karibu asilimia 80 kati yao wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Pengo kati ya kinachowezekana na kilichopo lina sababu nyingi, zikiwamo umaskini na uhaba wa dawa. Hata hivyo, mojawapo ya sababu hizo ni ya kimaelezo, na hii ndiyo inayowahusu wanalugha.

Huko Mahenge, katika Wilaya ya Ulanga nchini Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianza kuwahudumia wagonjwa wa kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikuta watu waliotengwa, na wengi wenye makovu ya moto. Iliaminika kwamba ugonjwa huambukizwa kwa povu linalotoka kinywani, na kwa hiyo mtu aliyeangukia mekoni huenda asiguswe na yeyote hadi atulie mwenyewe. Makovu yale hayakuletwa na kifafa pekee. Yaliletwa pia na maelezo yaliyokuwapo kuhusu kifafa.

Hali ya degedege inafanana na hiyo. Mtoto mwenye homa kali akikakamaa na kugeuza macho, jina la ugonjwa humkumbusha msikilizaji dege, yaani ndege mkubwa, na katika sehemu nyingi za pwani ugonjwa huo umehusishwa na pepo mwenye umbo la ndege. Utafiti uliofanyika Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba degedege ilieleweka kuwa ni maradhi ya kushughulikiwa kwanza na mganga wa jadi, ilhali mara nyingi mtoto alikuwa na malaria kali iliyohitaji hospitali bila kukawia. Mzazi anayefanya hivyo hakosi upendo wala akili. Anafuata mantiki ya jina alilopewa. Mwenye kutaka afuate njia nyingine hana budi kumpa maelezo mengine yanayoeleweka kiasi kilekile.

Maelezo hayo yanawezekana, na hayahitaji lugha ya kukopa nzima. Inatosha kusema kwamba seli za ubongo zina milango. Kwamba milango hiyo hushindikwa na kukomewa. Kwamba homa kali au jeraha huweza kuifanya ifunguke ovyo. Na kwamba dawa huirudishia komeo. Ikisemwa hivyo, povu hueleweka kuwa ni mate ambayo mgonjwa ameshindwa kuyameza, na mate hayo hayana kifafa ndani yake. Pia hueleweka kwa nini mgonjwa aondolewe haraka kwenye moto au maji, alazwe ubavu, asishikiliwe kwa nguvu, wala asitiwe kijiko wala kitu chochote kinywani. Na kwa nini mtikisiko unaopita dakika 5 uhesabiwe kuwa dharura ya kupelekwa hospitali.

8.0 Hitimisho

Tangu mwaka 1967 watoto wa shule za msingi za serikali nchini Tanzania wamekuwa wakifundishwa kwa Kiswahili, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Msingi wa istilahi upo. Kinachopungua ni maandishi yanayozipa istilahi hizo mwendo wa sentensi, yaani maelezo marefu, yenye mfuatano, ambayo mwalimu, muuguzi na mzazi wanaweza kuyasoma na kuyasimulia. Orodha ya istilahi haijawahi kumtibu mgonjwa wala kumfundisha mwanafunzi, kama vile rundo la matofali lisivyomhifadhi mtu na mvua.

Katika kazi hiyo, kukopa hakuepukiki wala hakuaibishi. Maneno kama ayoni, sodiamu na protini yatabaki yalivyo, kwani yametaja vitu ambavyo jicho la Mswahili, kama jicho la mtu mwingine yeyote, halikuwahi kuviona. Lakini pale ambapo kinachotajwa ni tendo, Kiswahili kina hazina ambayo haijachotwa vya kutosha. Kushindika na kukomea ni vitenzi viwili vya mlangoni ambavyo kila mtoto wa pwani huvijua kabla hajaanza shule. Vitenzi hivyohivyo vinaweza kueleza kilichowachukua watafiti wa Bologna, Cambridge, Göttingen na New York karne mbili kukibaini. Mwanalugha anayevirudisha kazini hatakuwa amevumbua jambo. Atakuwa ameisaidia familia iliyoketi karibu na meko kujua kwamba mtu aliyeanguka anaweza kushikwa mkono na kuvutwa.